Kutoka 'Seyyid' hadi Jina Tupu: Maneno ya Kuitana katika Riwaya za Abdulrazak Gurnah, 1994–2025

1.0 Utangulizi

Kijana wa Paje anayefanya kazi katika hoteli ya ufukweni huitwa kwa namna tatu kabla ya adhuhuri. Asubuhi, akiwa bado njiani, wanawake wanaoteremka pwani kwenda kwenye mashamba yao ya mwani humwita 'mwanangu', ingawa hakuna hata mmoja kati yao aliyemzaa. Mzee aliyeketi barazani humsalimu kwa kumtaja baba yake, kwamba yeye ni mtoto wa fulani, na huenda akaongeza jina la babu ili kukata shaka. Akishavaa sare na kuingia kazini, mgeni aliyewasili jana humwita 'rafiki', au humwita kwa jina lake, Juma au Simai, alilolisoma kwenye kibandiko kilichopachikwa kifuani. Namna zote tatu zina bashasha. Hata hivyo, mbili za mwanzo humfunga aliyezitamka: anayekuita mwanawe hana budi kukulisha siku ukikosa, na anayekutaja kwa baba yako ana haki ya kukukanya na wajibu wa kukuzika. Namna ya tatu haimfungi mtu kwa lolote.

Makala haya yanakusudia kuchunguza suala hilo la kuitana, si katika Paje yenyewe, bali katika riwaya za Abdulrazak Gurnah, mwandishi aliyezaliwa Unguja mwaka 1948, akahamia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, akasomesha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent kwa miaka mingi, na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake ya kumi na moja, Theft, ilitoka mwaka 2025, nayo ni ya kwanza tangu apewe tuzo hiyo. Hapa italinganishwa na Paradise ya mwaka 1994, ambayo ndiyo iliyomtambulisha kwa wasomaji wengi na kufika katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker mwaka huohuo. Katikati yake itaguswa kwa ufupi Afterlives ya mwaka 2020.

Msomaji anayetoka katika Paradise na kuingia moja kwa moja katika Theft huenda akaona kwamba amehama kutoka kasri na kuingia chumba cha kupanga. Paradise ina msafara wa kwenda bara, ina milima na ziwa, ina bustani yenye ukuta, na nyuma ya yote ina kisa cha Nabii Yusuf kinachosimama kama kivuli. Theft ina jiko, duka la jirani, sebule ya Dar es Salaam, hoteli ndogo ya Mji Mkongwe, na mtoto mchanga anayelia usiku. Ni rahisi kuhukumu kwamba mwandishi amepungukiwa na pumzi. Hoja ya makala haya ni kwamba hukumu hiyo inatokana na kutazama ukubwa wa jukwaa badala ya kusikiliza jinsi watu wanavyoitana juu yake. Kwa kipimo cha maneno ya kuitana, riwaya ya mwaka 2025 inalifikisha mbali zaidi swali ambalo ile ya mwaka 1994 ililianzisha, na kwa njia fulani inaligeuza kichwa chini miguu juu.

2.0 Ami, mjomba, na neno moja la Kiingereza

Kabla ya kuingia katika matini, inafaa jambo moja la lugha liwekwe wazi. Gurnah huandika kwa Kiingereza, lakini sehemu kubwa ya wahusika wake wa pwani hawakizungumzi Kiingereza wanapozungumza. Mazungumzo yao ni ya Kiswahili, nayo yamefika kwenye ukurasa yakiwa yamekwisha fasiriwa na mwandishi mwenyewe. Pengine ndiyo maana maneno kadha wa kadha yameachwa kama yalivyo, mithili ya mawe ambayo maji ya tafsiri hayakuweza kuyasogeza. Kwa hiyo, mahali popote Kiingereza chake kinaposema 'uncle', msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza: neno gani lilitamkwa hapo?

Swali hilo si la ukaidi wa kisarufi. Kiswahili cha Unguja hakina neno moja la kumtaja ndugu wa kiume wa wazazi. Ndugu wa baba ni ami, au baba mdogo na baba mkubwa kwa wale wanaopendelea maneno ya Kibantu; ndugu wa mama ni mjomba. Tofauti yao haiishii kwenye upande wa nasaba. Katika sheria ya Kiislamu kama inavyofuatwa visiwani kwa madhehebu ya Shafi, ami ni asaba: anaweza kurithi, na baba, babu na ndugu wa kiume wakikosekana, anaweza kuwa walii wa kumwozesha binti wa ndugu yake. Mjomba hana uwalii huo, wala hahesabiwi miongoni mwa asaba. Kwa mila, mjomba ndiye wa kukimbiliwa, na mtoto humdekea. Ami ndiye baba wa pili, na amri yake ni amri ya baba.

Aidha, maneno haya hutanuliwa hadi kwa watu wasio na damu moja. Katika vijiji vya kusini mwa Unguja, Makunduchi, Jambiani, Paje na Bwejuu, ambako lahaja ya Kikae ndiyo lugha ya nyumbani, mtoto hakosi neno la ujamaa kwa mtu mzima yeyote anayemfahamu, na kumwita mtu mzima kwa jina lake tupu ni utovu wa adabu. Utanuzi huu kwa kawaida hutazamwa kama alama ya ukarimu wa jamii, na kwa sehemu kubwa ndivyo ulivyo. Lakini lugha inayoweza kumfanya mgeni kuwa ami inaweza pia kumfanya mdai kuwa ami. Hapo ndipo Paradise inapoanzia.

3.0 Yusuf na ami asiye ami

Yusuf ana umri wa miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli katika mji mdogo wa Kawa, mji uliochangamka reli ilipokuwa inajengwa na kuzubaa ilipokwisha. Mara kwa mara hufika tajiri mmoja wa pwani, ambaye mtoto amefunzwa kumwita Uncle Aziz, na kila anapoondoka humwachia Yusuf sarafu ya anna kumi. Mtoto humpenda kwa ajili ya sarafu hiyo na kwa ajili ya manukato yake. Safari moja Uncle Aziz haondoki peke yake. Yusuf anaambiwa atafuatana naye, anapandishwa garimoshi, na hajui kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake.

Anapofika pwani na kukabidhiwa dukani, ni Khalil, kijana aliyemtangulia katika rehani hiyohiyo, anayemfungua macho. Somo la kwanza la Khalil ni la msamiati: mtu yule si 'uncle' wake, na anapaswa kumwita Seyyid. Haielekei kwamba Gurnah alilichagua cheo hilo bila kukusudia. Katika Zanzibar, seyyid lilikuwa jina la heshima la watawala wa ukoo wa Busaidi na la watu wa nasaba ya Mtume. Aziz ni mfanyabiashara tu. Hawezi kudai cheo hicho kwa kuzaliwa. Anacheo kwa sababu wanaomtegemea wanakitamka, na kila wanapokitamka wanazidi kumtegemea. Khalil naye humwita Yusuf 'kifa urongo', yaani aliye hai kwa namna ya kufa. Dukani humo, basi, kila mtu ana jina alilopachikwa, na majina yote mawili, la aliye juu na la aliye chini, yamechukua nafasi ya lile la ujamaa lililotumika Kawa.

Ingetosha hapo kusema kwamba riwaya inafichua uongo wa neno 'uncle'. Wahakiki wengi wangeishia hapo, na wangekuwa sahihi kwa nusu. Nusu ya pili imo katika usimulizi. Msimulizi wa Paradise haitii amri ya Khalil. Msafara unapopanda kwenda bara na wapagazi, mnyapara Mohammed Abdalla na wakuu wa njiani wote wakimtaja tajiri huyo kama seyyid, msimulizi anaendelea kumwita Uncle Aziz. Anamwita hivyo katika kushindwa kwake mjini kwa Chatu, na anamwita hivyo hata baada ya Yusuf kujua yote: kwamba wazazi wake hawatamkomboa, na kwamba Amina, aliyelelewa kama dada wa Khalil, ameolewa na bwana huyohuyo kama malipo ya deni jingine.

Kwa nini msimulizi ashikilie neno ambalo riwaya imekwisha kulikanusha? Jawabu la kwanza ni kwamba anasimulia kwa jicho la Yusuf, na jicho la mtoto halisahau sarafu ya anna kumi. Jawabu la pili ni zito zaidi. Neno la ujamaa likisharasimishwa kwenye ulimi wa mtoto, halifutiki kwa kuambiwa ukweli. Yusuf anajua kwamba Aziz si ami wake, lakini hana lugha nyingine ya kumfikiria kwayo. 'Seyyid' ni neno la kumsemesha, si la kumfikiria. Utumwa wa aina hii hauna pingu, na mtunza bustani, Mzee Hamdani, aliyepewa uhuru wake akaukataa, ndiye kielelezo chake cha kale zaidi ndani ya kitabu. Mwishoni Yusuf anakimbia kuifuata safu ya askari wa Kijerumani. Anaondoka kwa bwana aliyeitwa ami na kwenda kwa mabwana watakaomwita kwa nambari au kwa matusi, na msomaji anaachwa bila kujua kama hiyo ni nafuu.

Tangu mwaka 2022 msomaji wa Kiswahili anaweza kukisoma kisa hiki kwa lugha yake, kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Tafsiri hiyo ni tukio katika historia ya fasihi yetu, kwa kuwa iliyarudisha mazungumzo katika lugha ambayo yalifikiriwa kwayo. Nayo inadhihirisha ugumu uliotajwa hapo juu: katika kuifasiri Paradise, neno moja la Kiingereza linagawanyika mara mbili, na kila upande una matokeo. Mtoto anayekabidhiwa kwa mjomba amekabidhiwa kwa ndugu wa mama yake, mtu wa kudekewa. Mtoto anayekabidhiwa kwa ami amekabidhiwa kwa mtu ambaye, laiti neno lingekuwa kweli, angekuwa na haki juu yake. Kiingereza kinamruhusu Gurnah asichague, na huenda huo ni miongoni mwa misaada michache ambayo lugha hiyo inampa mwandishi wa habari za pwani.

4.0 Afterlives: 'baba' wa hiari

Miaka ishirini na sita baadaye, Afterlives ilirudi karibu mahali palepale. Hamza, kijana anayejiunga na jeshi la Wajerumani, naye aliwahi kuwekwa rehani kwa mfanyabiashara, na msomaji aliyeachwa njia panda na Yusuf anahisi kana kwamba safu ile ya askari imemrudishia mtu. Kwa madhumuni ya makala haya, hata hivyo, mhusika muhimu zaidi ni Afiya. Anapokuwa mtoto analelewa na mume na mke ambao anawaita kwa maneno ya ujamaa, na ambao wanamtumikisha. 'Uncle' huyo anapogundua kwamba Afiya amejifunza kusoma na kuandika, anampiga hadi kumvunja mkono. Hapa neno la ujamaa halifichi deni. Linafunika ukatili wa waziwazi.

Lakini riwaya hiyo inaleta kitu ambacho Paradise haikuwa nacho. Khalifa, karani mnung'unikaji asiye na mtoto, anakwenda kumchukua Afiya na kumleta nyumbani kwake, na Afiya anamwita Baba. Hana damu naye. Tamko hilo si la kweli kwa nasaba zaidi kuliko 'uncle' wa Yusuf, ila Khalifa analigharamia. Tangu hapo hoja ya Gurnah juu ya ujamaa wa maneno inapata upande wa pili: neno la uongo linaweza kutimizwa na mtu akiamua kulitimiza. Pasipo hatua hii ya mwaka 2020, Theft ingekuwa vigumu kuielewa.

5.0 Badar na ujamaa uliofichwa

Theft inaanza na Raya, msichana wa Unguja anayeozwa kwa haraka kwa mtu mzima, Bakari Abbas, kwa sababu wazazi wake wanahofia kijana mwanamapinduzi aliyempendeza. Ndoa inakuwa ya dhuluma ya chumbani, na Raya anaondoka na mwanawe mdogo, Karim. Baadaye anaolewa na Haji na kuhamia Dar es Salaam. Katika nyumba hiyo analetwa Badar, mvulana wa kijijini wa umri wa miaka kumi na mitatu, ili awe mtumishi. Mzee wa nyumba, baba yake Haji, anaitwa katika masimulizi Uncle Othman, naye anamchukia mtoto huyo bila kueleza sababu.

Msomaji wa Paradise hawezi kuyasikia majina hayo bila kushtuka. Ni mvulana yuleyule wa takriban umri uleule, anayekabidhiwa na walezi kwa nyumba ya wenye nafasi, na juu ya nyumba hiyo ameketi mtu aitwaye Uncle. Gurnah amejenga upya mlango wa riwaya yake ya mwaka 1994, kisha akaweka nyuma yake chumba tofauti. Badar anakuja kujua kwamba baba yake mzazi alikuwa jamaa wa nyumba ile. Alimwibia Othman na kutoweka. Chuki ya mzee haimwelekei mtumishi. Inamwelekea mtoto wa jamaa mwizi, aliyewekwa jikoni ili damu yake isitajwe.

Mageuzi haya ndiyo kiini cha ulinganishi. Katika Paradise mtoto anafunzwa neno la ujamaa pasipo ujamaa. Katika Theft ujamaa upo, na neno limezuiwa. 'Uncle' linasikika nyumba nzima kama lakabu ya mzee. Mtu mmoja tu pale ambaye lingemfaa kwa maana inayokaribia nasaba ndiye anayepita na ndoo na sahani, hajui. Yusuf alidanganywa kwamba ni mtoto wa nyumba ilhali ni rehani. Badar anadanganywa kwamba ni mtumishi ilhali ni mtoto wa nyumba. Uongo wa kwanza ulikuwa wa biashara ya misafara, ambayo ilihitaji kupaka deni mafuta ya undugu. Uongo wa pili ni wa familia ya mjini ya baada ya uhuru, ambayo inaogopa undugu kwa sababu undugu una madai. Mtu wa pwani anayejua kesi za mirathi na za nyumba za urithi hatahitaji kuelezwa ni upi kati ya uongo huo unaomkaribia zaidi leo.

Kisha Badar anatuhumiwa wizi asioufanya. Hapo napo kuna mwangwi: Yusuf anatuhumiwa na Zulekha, mke wa Aziz, kwa mfano wa kisa cha Nabii Yusuf na mke wa bwana wake. Tuhuma ya Paradise ilikuwa na fahari ya hadithi takatifu. Tuhuma ya Theft ni ya vitu vya dukani. Ni kweli kwamba hapa riwaya mpya inapoteza kitu. Hakuna ukurasa ndani yake wenye mng'aro wa bustani ya Aziz wakati wa magharibi, na msomaji aliyempenda Gurnah kwa ajili ya bustani hiyo ana haki ya kuikosa. Lakini udogo wa tuhuma ndio uzito wake. Aliyemwibia Badar ni nyumba yenyewe, iliyomnyima nasaba yake, na jina la kitabu linaelekea huko kuliko linavyoelekea kwenye bidhaa za duka.

Mwenye kumwokoa ni Karim, mtoto wa Raya, msomi anayeanza kupanda ngazi, anayemchukua Badar hadi Unguja na kumkaribisha nyumbani kwake na kwa mkewe, Fauzia. Wanaishi kwa muda kama ndugu. Kwa mtazamo wa Afterlives, Karim angeweza kuwa Khalifa wa pili, mtu anayeligharamia neno. Haiwi hivyo. Kadiri anavyopanda cheo, ndivyo hisani yake inavyoanza kufanana na deni, na kwa maana hiyo mjukuu wa kiroho wa Aziz katika riwaya hii si Othman, bali ni kijana msafi wa maneno ya maendeleo. Gurnah analifikia jambo hili polepole, na pengine kwa upole kupita kiasi. Kugeuka kwa Karim kunapokamilika, msomaji anabaki akitamani kurasa chache zaidi za kumwona akiwa peke yake.

6.0 Jina tupu

Badar anapata kazi katika hoteli ya Mji Mkongwe, Tamarind, na hapo riwaya inaingia katika namna ya tatu ya kuitana iliyotajwa mwanzoni. Hoteli ni mahali ambapo kila mtu anaitwa kwa jina lake. Mgeni ni Geraldine, na hata hilo linafupishwa kuwa Jerry. Mhudumu ni Badar. Hakuna seyyid, hakuna ami, hakuna bwana mkubwa. Kwa sikio lililozoea Paradise, jambo hili lingeonekana kuwa ukombozi: neno lililomfunga Yusuf limefutwa, na watu wawili wanakabiliana kwa majina waliyopewa na wazazi wao.

Gurnah halihubiri jambo hili. Analiacha litende kazi. Geraldine, mwanamke wa Kiingereza aliyekuja kujitolea katika mradi, anaingia katika maisha ya Karim kwa wepesi uleule ambao jina lake fupi linauashiria, na ndoa ya Karim na Fauzia inavunjika. Anaondoka kama alivyokuja. Ingawa mhusika huyu amechorwa kwa mistari michache mno, kiasi kwamba mahali pengine anaonekana kuwa wazo kuliko mtu, wazo lenyewe lina uzito. Jina tupu halimfungi. Aziz alikuwa mnyonyaji, lakini neno alilokubali kuitwa lilimlazimu walau kumlisha Yusuf, kumvisha, na kumchukua safarini. Jerry hadaiwi na mtu kitu, na hakuna neno katika lugha yake wala katika yao la kumkumbusha kwamba amechukua.

Hili ndilo linalomrejesha msomaji Paje. Ukulima wa mwani wa kibiashara ulianza katika pwani hiyo ya mashariki mwaka 1989, nao ulikuwa mikononi mwa wanawake. Hoteli ziliongezeka katika miongo iliyofuata, na leo ufuo uleule wa kukaushia mwani na kufukia makumbi unagombewa na viti vya wageni na matanga ya michezo ya upepo. Mabadiliko hayo yamekwisha kuandikwa kwa hesabu za ardhi na kipato. Yanastahili kuandikwa pia kwa hesabu ya maneno. Haji Chum alipokusanya msamiati wa pekee wa Kikae, uliochapishwa mwaka 1994, mwaka uleule wa Paradise, alihifadhi lugha ambayo ndani yake kila mtu ana mahali kuhusiana na mwingine. Kiswahili cha ufukweni, chenye 'jambo' na 'rafiki' zake, hakina mahali pa mtu. Kijana wa Paje anayevuka kila siku kutoka lugha moja hadi nyingine anavuka umbali ambao Badar anauvuka kati ya jiko la Dar es Salaam na mapokezi ya hoteli, na hata hivyo hakuna anayeweza kumwambia bila kusita kwamba lugha ya kwanza ilikuwa ya uhuru na ya pili ya utumwa, au kinyume chake. Yusuf angekuwa na la kusema juu ya hilo.

Tofauti ya mwisho iko katika namna vitabu hivi viwili vinavyofungwa. Yusuf anakimbia. Badar anabaki, haondoki Unguja, halipizi, na mwishoni ni yeye na Fauzia wanaopatana. Iwapo msomaji ataliona hilo kuwa ni jambo dogo, na alitazame kwa upande wa kuitana. Fauzia amekua na ugonjwa wa kuanguka ulioogopwa na mama yake, naye amezoea kutazamwa kwa hofu na huruma. Badar amezoea kutazamwa kwa tuhuma. Kila mmoja kwa mwenzake si mgonjwa wala mwizi, na jina tupu, lililokuwa baridi hotelini, linapata kati yao joto ambalo halikutoka kwa nasaba wala kwa mshahara. Ni mara ya kwanza katika riwaya hizi tatu kwa mvulana aliyekabidhiwa kuitwa na mtu asiyemdai.

Linabaki suala la mfasiri. Yeyote atakayeirudisha Theft katika Kiswahili atakutana na Uncle Othman muda mrefu kabla Badar hajajua nasaba yake, naye hatakuwa na kificho cha Kiingereza. Akiandika 'Ami Othman', atakuwa amelitaja mapema lile ambalo nyumba nzima inalificha, na msomaji makini wa Unguja, anayejua kwamba ami ni asaba, ataanza kumtazama mtumishi kwa jicho jingine. Akiandika 'Mjomba Othman', atakuwa ameipeleka damu upande wa mama, ilhali kosa lote ni la baba. Akikimbilia 'Mzee Othman', siri itasalimika, lakini uzi unaomfunga mzee huyu na Aziz wa mwaka 1994 utakatika, na Badar atapita jikoni na sahani zake bila mtu kukumbuka kwamba Yusuf alipita hapo kabla yake.